Nilivyomuua Yusto kwa Taipureta

Katika miaka yangu yote ya ukarani mahakamani nimemuua mtu mmoja tu. Nilimuua saa nne asubuhi, nimeshiba chai na viazi, kwa taipureta ya serikali. Jina lake Yusto, mkulima wa kule Nyololo, na hadi leo tukikutana ananiita muuaji mbele za watu. Nawaambieni mapema, vijana wangu, msije mkaisikia kwingine ikiwa imeongezewa chumvi.

Mimi ni Tusekile, Mnyakyusa, mstaafu. Nilianzia kazi mahakama ya mwanzo huko Mufindi, nikamalizia Mbeya mjini, na sasa nakaa hapa hapa mjini, mtaa wa Soweto. Mtaani kwetu mtu akifiwa, anakuja kwangu kabla maturubai hayajashushwa. Swali ni lile lile: "Bibi, mirathi tunaanzia wapi?" Nimechoka kurudia. Ndiyo maana nimekaa kuandika, na kwa kuwa hakuna hakimu wa kunikatisha, nitasema nitakavyo.

Mnaanzia kwenye cheti cha kifo. Si kwenye kugombania pikipiki. Cheti cha kifo, barua ya mtaa au kijiji, halafu ukoo unakaa kikao na kumpendekeza mtu wa kusimamia mirathi. Muhtasari wa kikao hicho unaletwa mahakamani pamoja na maombi. Mahakama inabandika tangazo na kusubiri siku tisini, ili mwenye neno aje aseme. Asipotokea mtu, msimamizi anateuliwa. Hapo ndipo anapewa karatasi yenye muhuri, na hapo ndipo watu wengi hupatwa na wazimu. Nimeona mtu akiingia ofisini kwetu akitembea kama sisi wote, akatoka na ile barua ya uteuzi akitembea kama mkuu wa wilaya. Kusimamia si kurithi. Umepewa funguo za ghala, hujapewa mahindi. Nimelisema hilo mara nyingi mpaka mume wangu alikuwa ananisikia nikilisema usingizini.

Haya nilifundishwa na Mzee Batromeo, karani mkuu wetu kule Mufindi. Alikuwa Mhehe mrefu, mwembamba, kofia ya sufu kichwani hata jua likiwaka, na msimu wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, ukifika alikuwa akirudi kutoka chakula cha mchana akiwa na huruma nyingi kuliko alivyoondoka. Lakini jalada alilijua. Alinipokea siku ya kwanza, akatazama viatu vyangu vya kisigino kirefu, akasema, "Kamwene, binti. Hapa tunahudumia watu wa aina mbili, waliokufa na wanaodanganya. Waliokufa hawana shida."

Mimi nilicheka. Nilidhani ni utani wa kunizoesha.

Mwaka wangu wa pili akaja Yusto. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, koti la mvua, buti zenye udongo mwekundu wa Mufindi ambao hautoki hata kwa wembe. Alikuja kufungua mirathi ya kaka yake, Desideri, aliyefariki miezi michache nyuma. Desideri aliacha nyumba, ng'ombe wachache, na shamba la miti ya mbao lililokomaa, misindano mirefu imejipanga kama wanafunzi mstarini. Karatasi zote Yusto alikuwa nazo. Cheti cha kifo, barua ya kijiji, muhtasari wa kikao cha ukoo wenye majina kumi na moja. Kila aliyehudhuria alikuwa amesaini au kuweka dole gumba. Ukoo kwa kauli moja ulimpendekeza Yusto.

Nikamwambia, "Baba, umejipanga vizuri."

"Sisi kwetu hatuna maneno, mama," akajibu. "Ukoo wetu una amani."

Kumbukeni nilikuwa na miaka ishirini na minne. Siku hizi mtu akiniambia ukoo wake una amani naomba kuona muhtasari kwanza, halafu naomba kuuona tena.

Sasa tangazo. Ninyi wa leo mnaingiza majina kwenye mfumo, kompyuta inajaza yenyewe, ujumbe unaingia kwenye simu. Sisi tulikuwa na fomu yenye nafasi mbili tupu: jina la marehemu, jina la mwombaji. Unaweka kaboni, unaweka karatasi tatu, unagonga. Asubuhi ile nilikuwa nagonga huku namsimulia mwenzangu harusi ya dada yangu. Nikamweka Yusto mahali pa marehemu. Nikamweka Desideri, ambaye alikuwa amelala kaburini kwake kwa utulivu, mahali pa mwombaji. Hakimu alikuwa na kesi ya wizi wa mbuzi yenye mashahidi saba, akasaini bila kuangalia. Nakala moja nikabandika ubaoni, moja jaladani, moja ikaenda ofisi ya kijiji.

Mtendaji wa kijiji alikuwa na bidii. Mtu mvivu angeibandika tu ukutani, na mimi leo nisingekuwa na la kusimulia. Yeye alisoma jina la marehemu, akasikitika, akapeleka habari kanisani. Jumapili, kwenye matangazo baada ya misa, ikasomwa: tumwombee marehemu Yusto.

Mtauliza, Yusto mwenyewe alikuwa wapi? Alikuwa Ruaha Mbuyuni. Alikodi shamba la vitunguu kule na alikwenda kuvuna, akakaa wiki nzima, simu imeisha chaji siku ya pili. Na mnajua wenyewe, mtu wa huku akichelewa kurudi kutoka Ruaha Mbuyuni, wazo la kwanza ni mteremko wa Kitonga na lori lililokatika breki. Mkewe aliposikia kanisani kwamba mahakama imemtangaza mumewe, hakuuliza mahakama imejuaje. Alipiga simu, haipatikani. Akapiga kelele. Majirani wakaja, wanaume wakakaa nje, wanawake ndani, na mtu mwenye akili ya haraka akaenda zizini akachagua dume kubwa kuliko yote kwa ajili ya kulisha waombolezaji wakati mwili unasubiriwa.

Habari ikafika Mbeya. Huku Soweto, nyumba chache tu kutoka hapa ninapoandikia, alikuwepo Gaudensia, mjane wa Desideri. Baada ya arobaini ya mumewe alikuja kumwangalia binti yake aliyejifungua, na alikuwa anamwogesha mjukuu pale simu ilipoingia: shemeji yako Yusto hatunaye. Gaudensia alilia kwelikweli, maana alimpenda. Akafunga kanga nyeusi, akapanda basi.

Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe, na nimeyasikia pia kwa Yusto, na cha ajabu wote wawili wanasimulia sawasawa.

Gaudensia alishuka Nyololo mchana, macho yamevimba. Ng'ambo ya lami basi lingine lilikuwa linashusha watu kutoka Iringa. Kati ya walioshuka alikuwepo Yusto, kiroba cha vitunguu begani, anatafuna hindi la kuchoma.

Gaudensia akakaa chini palepale, juu ya begi lake.

Yusto akavuka barabara mbio. "Shemeji! Kulikoni? Nani amefariki?"

"Wewe," akasema Gaudensia.

"Mimi?"

"Wewe, shemeji. Nimekuja kukuzika."

"Nani amesema nimekufa?"

"Mahakama."

Yusto alishusha kiroba taratibu. Alikuwa mtu anayeheshimu serikali, na kwa dakika moja, hivyo ndivyo alivyoniambia, alijikagua.

Walipofika nyumbani watu walitawanyika kama kuku, wengine na sahani zao. Mkewe alimkumbatia, akampiga kofi, akamkumbatia tena. Yusto akaona ngozi ya dume lake imetandazwa juu ya uzio. Kwa kile kifo alinisamehe miaka ile ile. Kwa lile dume hajanisamehe hadi leo.

Gaudensia alikuwa mtu wa namna nyingine. Wengine wakiendelea kumshangaa mfu aliyerudi, yeye alitaka kujua kosa limetokea wapi. Akaenda ofisi ya kijiji, akasoma tangazo ukutani neno kwa neno. Kesho yake asubuhi alisimama kwenye dirisha langu. Mama mfupi, mnene kiasi, miwani imefungwa kwa uzi.

"Kamwene, mama karani," akasema. "Naomba kuuliza. Mume wangu amefika hapa kwenu?"

"Anaitwa nani, mama?"

"Desideri. Naona ameleta maombi ya kusimamia mirathi. Na mimi nilimzika kwa mikono yangu. Sasa kama anapita hapa, mwambieni apite na nyumbani."

Nikacheka, halafu nikachukua nakala ya tangazo, nikasoma, nikaacha kucheka. Mzee Batromeo akasogea, akasoma juu ya bega langu, akavua kofia yake ya sufu. Sikuwahi kumwona bila kofia kabla ya siku hiyo.

"Binti," akasema, "umemfufua mmoja na kumuua mmoja kwa kipande kimoja cha karatasi. Hata Yesu alikuwa anafufua tu."

Gaudensia aliuliza swali la pili, ambalo ndilo lililobeba kila kitu. "Kwa hiyo mirathi yenyewe ni ya mume wangu. Nani ameifungua? Mbona mimi sijui?"

Vijana, shikeni hapa. Mtu mwenye masilahi kwenye mirathi ana haki ya kuomba kuona jalada. Msikubali kuambiwa njoo kesho, njoo keshokutwa. Batromeo hakumwambia njoo kesho. Alimpa kiti, akamletea jalada, akamfungulia ule muhtasari wa kikao cha ukoo.

Gaudensia akapitisha kidole kwenye majina. Namba tatu ilikuwa yake. Mbele ya jina lake, dole gumba la wino wa bluu.

Akavua miwani, akaifuta kwa kanga, akaivaa tena.

"Hili dole ni la nani?"

"Si lako, mama?" nikauliza.

"Mwanangu, mimi nimefundisha kisomo cha watu wazima pale kijijini miaka kumi na miwili. Wote hao unaowaona wamesaini hapa, mimi ndiye niliyewafundisha kusaini."

Batromeo akanitazama. Nilikuwa nimepokea muhtasari ule kwa mikono miwili na kumsifu aliyeuleta. Baadaye alinieleza namna ya kusoma muhtasari, na mimi nimeitumia mpaka kustaafu: usiangalie waliopo kwanza, angalia nani angetakiwa kuwepo. Mjane, watoto, yule mtoto wa nje ambaye kila mtu anamjua na hakuna anayemtaja. Halafu angalia kalamu. Watu kumi na mmoja wakisaini kwa kalamu moja, mwandiko unaolalia upande mmoja, huo si mkutano, ni mtu mmoja na mchana mrefu.

Gaudensia akaomba karatasi. Akaandika pingamizi lake palepale kwenye kaunta, mwandiko wa kuvutia, mistari imenyooka kama amepiga rula. Kosa langu lilikuwa limelazimisha tangazo jipya, siku tisini zianze upya. Nisijifanye shujaa, sikupanga chochote. Nilikuwa nawaza harusi ya dada yangu.

Mimi nilipewa onyo la maandishi na hakimu, nikalia chooni, nikatoka. Tangu hapo Batromeo aliniamuru kila tangazo nilisome kwa sauti kabla halijatoka ofisini, kidole kwenye jina, nikijibu maswali yake kama mtoto wa kipaimara. "Nani kafa?" Nataja. "Nani anaomba?" Nataja. "Aliyeomba anapumua?" Na ninyi mnaotumia mfumo msicheke. Kompyuta inajaza ulichoiambia. Juzi hapa mjini kijana kaingiza jina la marehemu kama lilivyo kwenye kitambulisho, hati ya nyumba ina jina la ubatizo, benki ina jina la utani la shuleni. Marehemu mmoja, majina matatu, na sasa familia inazunguka na viapo vya majina kila ofisi. Linganisheni majina kabla hamjafungua chochote. Na kama mzee wenu yu hai, mwambieni anyooshe majina yake leo, wakati bado anaweza kuwagombeza.

Siku ya kusikiliza pingamizi mahakama ilijaa. Nusu walikuja kumwona marehemu. Hakimu wetu alikuwa mtu wa maneno machache, asiyependa vicheko, na alikuwa na kazi ngumu kweli siku hiyo.

Akamwuliza Yusto, "Mjane alihudhuria kikao?"

"Alihudhuria, mheshimiwa."

"Alikuwa Mbeya."

"Alihudhuria kimawazo."

Watu wakacheka. Hakimu akagonga meza. "Mbona ameweka dole gumba wakati anajua kuandika?"

"Alikuwa anaumwa mkono, mheshimiwa."

"Kimawazo?"

Hapo hata polisi mlangoni aligeukia ukuta kuficha kicheko. Lakini Yusto hakucheka. Alikuwa anamtazama Gaudensia, na Gaudensia alikuwa anamtazama yeye, bila hasira, kama mwalimu anayesubiri mwanafunzi apate jibu mwenyewe. Yusto akashika kizimba kwa mikono miwili.

"Mheshimiwa, dole ni langu."

Hakimu akaweka kalamu chini.

"Kwa nini?"

Akaeleza. Alikuwa na mnunuzi wa mbao, ameshakubaliana naye. Barua ya uteuzi ikitoka tu, misumeno iingie shambani. Aliogopa Gaudensia ameshahamia Mbeya kwa binti, kwamba mali ya kaka yake itaenda kwa mkwe na ukoo utabaki unaangalia visiki vya wengine. Alidhani anaokoa kitu. Alisema hivyo, na nadhani aliamini. Wengi wanaodanganya kwenye mirathi si wezi wa kuzaliwa. Wanaanza kwa kuogopa, halafu wanachukua kalamu.

Gaudensia akaomba kusema. "Ile miti tuliipanda mimi na Desideri, mwaka niliobeba mimba ya binti yangu. Nilipanda nikiwa nimepiga magoti kwa sababu kuinama nilikuwa siwezi. Nisingekuja kumzika shemeji, ningekuta visiki."

Mahakamani nimesikia hotuba nyingi za mawakili. Hakuna iliyonyamazisha watu kama hiyo.

Hakimu alimkataa Yusto, akamteua Gaudensia. Akamwambia Yusto kwamba kughushi ni jinai, na kwamba faili linaweza kuvuka barabara kwenda polisi siku hiyo hiyo. Gaudensia akasimama tena, akasema yeye hana malalamiko polisi. Yusto alitoka nje akiwa mdogo kuliko alivyoingia, na siku hiyo hakuna aliyemtania.

Sasa, watu wengi wakishateuliwa mahakamani hawaonekani tena. Hawaleti orodha ya mali, hawaleti taarifa ya mgawanyo, jalada linabaki wazi kama jeraha, na miaka kumi baadaye wajukuu wanatupiana mawe. Nikifa leo, andikeni juu ya kaburi langu: fungeni mirathi. Ukishagawa, rudi mahakamani, warithi wasaini, jalada lifungwe.

Gaudensia alirudi. Kwanza na orodha ya mali, ndani ya muda, akiwa ameandika kila kitu mpaka redio isiyo na mkanda na mtego wa panya. Nikamwambia mtego si lazima. Akanijibu, "Nikiacha mtego, kesho mtu atauliza niliacha nini kingine." Kisha akaja na fomu ya mgawanyo, binti yake pembeni na mtoto mgongoni. Na nyuma yao, kwa mshangao wetu, Yusto. Ameitwa kusaini.

Hakimu akasoma. Nyumba, mjane. Ng'ombe, mjane na binti. Shamba la miti, mjane na binti, isipokuwa sehemu ya chini, kuanzia kijito mpaka njia ya kanisani: Yusto.

Hakimu akainua macho. "Mama, huyu si mrithi. Mume wako ameacha mke na mtoto. Sheria haikulazimishi."

"Najua, mheshimiwa."

"Na unakumbuka alichokifanya."

"Nakumbuka."

"Binti yako amekubali?"

Binti akaitikia kwa kichwa. "Nimekubali, mheshimiwa."

"Basi nieleze, mama. Lazima niandike sababu."

Gaudensia akageuka akamtazama shemeji yake, aliyekuwa amekodolea macho buti zake.

"Siku Desideri alipoanguka shambani, mvua ilikuwa imekata njia. Gari haipiti, pikipiki haipiti. Huyu alimbeba kaka yake mgongoni kutoka kule bondeni mpaka lami. Alianguka naye kwenye tope mara mbili, akanyanyuka naye mara mbili. Mimi nilikuwa nyuma nimeshika miguu. Desideri alifia hospitali, kitandani, kwenye shuka safi, ameniaga. Bila huyu angefia kwenye matope." Akavuta pumzi. "Yale mengine aliyoyafanya nayajua, na nimemwambia uso kwa uso. Lakini na hili nalijua."

Yusto alisogea mezani. Akachukua kalamu, akasaini pale nilipomwonyesha, na ilibidi nivute karatasi haraka kabla machozi hayajafika kwenye wino.

Hakimu alinirudishia fomu. Halafu akaniambia, "Karani, andika alichosema."

Nikaangalia fomu juu mpaka chini. "Wapi, mheshimiwa? Hakuna nafasi."

"Nyuma," akasema.

Nikaigeuza karatasi, nikaandika.